Wati 100 mu chumba ya repetisio

Maneno haya niliyasema Jumamosi hapa Lubumbashi mbele ya bapiga gitare na batu ba sono (vyombo vya sauti) ba makanisa na ba orkestre. Bengi baliomba niandike, njo naandika karibu vile nilivyosema, pamoja na mambo kidogo yenye saa haikuniruhusu kumaliza.

Bandugu na badada, bakubwa ba kazi, na nyie bavijana benye mumetembea na gitare ku mgongo mu jua hii mpaka huku Kamalondo, jambo kwenu bote, aksanti kwa kuja.

Balinambia niongee juu ya atenuateri, ile sanduku ya kupunguza kelele ya ampli ya gitare. Nitaongea, lakini naanza na chumba. Chumba yetu ya repetisio, yaani ya mazoezi ya muziki, mu komini ya Katuba ilikuwa metre 4 kwa 5, ukuta ya bloke, mabati juu bila plafo, mulango moja, na dirisha moja yenye tuliziba na matela ya zamani. Mu hiyo chumba tukaingiza ampli ya lampi (vile vichupa vya kioo vyenye vinakuza sauti) ya wati 100 na bafle, sanduku ya maoparleri (maspika) 4 ya inshi 12, tulikuwa tumeazima kwa yaya, kaka mukubwa, mumoja wa muziki, na tulijiona tumefika. Ukiweka volime ku 2 sauti ilikuwa kavu, kama mutu anaongea meno yamefungana. Ukifika ku 5, ku 6, hapo njo ampli inaanza kuimba: noti inashika, inavimba kidogo kisha inashuka taratibu, ukigusa kamba polepole iko safi, ukichapa inakwaruza vizuri, na mukono wako unasikia kabisa kama kuko kintu hai upande ile ingine. Lakini ku 5 hiyo hiyo mupiga ngoma hasikii tena ngoma yake, muimbaji anapasuka koo, vis za mabati zinalia juu ya kichwa. Siku moja mama wa parsele ya pembeni, alikuwa na mutoto muchanga, akakuja kusimama ku mulango. Hakusema kintu. Alituangalia tu, mutoto mu mgongo analia na sisi hatusikii kama analia, tunaona paka mudomo wake umefunguka.

Nilizima ampli. Na toka siku ile naulizaga swali moja tu: ile utamu ya ku 5, tutaipata namna gani bila kumuamsha huyu mutoto?

Kwanza tusikilizane utamu inatoka wapi. Ampli ya lampi iko na sehemu mbili. Kuko malampi madogo ya mbele, mara nyingi 12AX7, yenye inakuza sauti ya gitare. Kisha kuko malampi makubwa ya nguvu, EL34, 6L6, EL84, inategemea, yenye inasukuma transfo (transfoma) ya kutokea, na transfo inasukuma oparleri. Distorsio ya malampi madogo unaweza kuipata hata na volime chini kama ampli iko na masta, ile volime ya pili ya mwisho. Lakini ile kuvimba, ile kushika, ile noti kubanwa kidogo na kurudi, hiyo inatoka sana ku malampi makubwa na transfo zikifanya kazi karibu na mwisho wa nguvu yao, na mwisho wa nguvu ya ampli ya wati 100 ni kelele ya kutosha uwanja. Njo shida yetu yote.

Na musifikiri balitengeneza hizi ampli kubwa kwa ubaya. Jim Marshall alikuwa na duka ya muziki huko Hanwell, London, na mwaka 1962 yeye na Ken Bran na Dudley Craven bakatoa ampli JTM45, baliifuata sana ampli Fender Bassman ya Marekani. Sono ya wakati ule ilikuwa dhaifu, ilibeba sauti ya muimbaji tu, gitare ilipaswa kujaza sale peke yake. Kwa hiyo Pete Townshend, mupiga gitare wa kikundi The Who, na benzake bakaomba nguvu zaidi, na mwaka 1965 wati 100 ikazaliwa. Ilikuwa jibu ya shida ya kweli. Sisi leo tuko na sono yenye mikro inashikwa mbele ya kila kintu, na tungali tunabeba jibu ya shida ya baba zetu ndani ya chumba ya metre 4 kwa 5. Na baba zetu ba hapa, tusisahau, mupiga gitare Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, mukusanya muziki ya Afrika, huko Likasi mwaka 1952, wakati ule banaiita Jadotville, gitare kavu bila ampli hata moja, na vidole vyake vinasikika mpaka leo duniani. Nguvu ya wati haikumufanya yeye.

Sasa hesabu, mutanivumilia, juu hapa njo batu bengi bananunua vibaya. Mutu anasema, nitaacha wati 100, nichukue wati 50, kelele itapungua nusu. Apana. Sikio haihesabu vile. Ukikata wati nusu unashusha desibeli (kipimo ya kelele) 3 tu, unasikia tofauti ndogo basi. Ili sikio iseme sasa imekuwa nusu, unapaswa kushusha kama desibeli 10, na desibeli 10 ni kugawa wati kwa 10. Yaani wati 100 na wati 10, moja ni nusu ya ingine mu sikio. Wati 1 ni nusu ya nusu. Na oparleri nyingi za gitare za inshi 12, ukiipa wati 1, mutu akisimama metre 1 mbele yake, inapiga kati ya desibeli 97 na 100. Wati 1! Mu chumba ya mabati hiyo ni kelele kabisa. Ukiipa wati 10 unafika karibu na 110, na wati 100 karibu na 120.

Kule Marekani NIOSH, banafanya utafiti juu ya afya ya bafanyakazi, banasema desibeli 85 unaweza kukaa nayo saa 8 kwa siku, na kila ukipanda desibeli 3 saa inakatwa nusu. Hesabuni. 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 dakika 30, 100 dakika 15. Sisi tulifanya repetisio ya saa 3, mara 2 kwa juma, pale pale karibu na bafle. Yule yaya mwenye alituazima ampli, leo ukimusalimia upande wa kushoto hasikii, anageuza kichwa, na usiku ananiambia kuko filimbi mu sikio yenye haizimiki, inapiga paka noti moja. Ni mutu mwenye alinifundisha kusikiliza. Nasema hii na roho nzito, siwezi kuisema kwa namna ingine.

Atenuateri njo nini? Ni sanduku unayoweka katikati ya ampli na bafle. Ampli inasukuma nguvu yake yote, malampi yanafanya kazi ku fasi yenye yanapenda, lakini sanduku inakula sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, inaachia oparleri kidogo. Hakuna uchawi, ni joto. Ukishusha desibeli 10 ku ampli ya wati 100, wati 90 zinabaki ndani ya sanduku. Munakumbuka ile balbu ya zamani ya wati 100? Jaribu kuifunika na mukono. Ile joto yote iko mu sanduku yako, juu ya kiti ya plastiki, chini ya kitambaa ya madhabahu. Nimeona kwa macho yangu atenuateri imewekwa juu ya kapeti ya kanisa, imefunikwa na koti ya mupiga gitare juu haikupendeza kuonekana, na kapeti ikaacha alama ya kahawia mpaka leo. Iache ipumue. Na ile wati imeandikwa ku sanduku, usiilinganishe sawasawa na ampli: ampli ya wati 100 ukiifungua yote inapita 100, inaweza kwenda 150 na zaidi, juu ile 100 banapimaga mbele sauti haijaharibika. Mi natafutaga sanduku yenye inabeba mara mbili.

Batu ba zamani balijaribu njia nyingi. Tom Scholz wa kikundi Boston, alikuwa enjinyere, alisoma MIT na alifanya kazi kwa Polaroid, njo alitoa Power Soak karibu mwaka 1980, na jina hiyo imebaki mu midomo ya batu kwa kila sanduku ya namna hii. Mupiga gitare Eddie Van Halen yeye alishusha umeme yenyewe yenye inaingia mu ampli, kwa Variac, transfo ya kubadilisha volti. Hapo naomba bavijana banisikilize: usifanye vile na umeme yetu. Sisi tayari umeme inajishusha yenyewe jioni, 220 inakuwa 180, na moto wa ndani ya lampi, yenye inataka volti 6.3, inashuka pamoja nayo. Hapa kazi ya kwanza ni stabilizateri muzuri, kisha njo tuongee utamu.

Tuje sasa ku fasi yenye batu banaunguza ampli.

Ampli ya lampi haipaswi hata siku moja kupigwa bila muzigo ku njia ya kutokea. Ampli ya tranzista unaweza kutoa bafle na haitakufa, ya lampi apana. Transfo ya kutokea ikikosa fasi ya kupeleka nguvu, volti ndani yake inapanda sana, inaruka kama radi ndogo, inapasua insulasio ya waya ama inachoma soketi ya lampi. Najua juu ile ampli ya Katuba iliishia hivyo. Ilikuwa Ijumaa, tunapiga, ndugu mumoja anataka kujaribu bafle ingine, akavuta jaki ya bafle huku mi nimeshika akodi na volime iko ku 6. Sekunde 3, labda 4. Nikasikia tsiii, nikaona ndani ya grili rangi ya zambarau inacheza chini ya lampi moja, kisha ikaja ile harufu, ya vernis imeungua, tamu tamu, inakaa mu pua siku mbili. Na ampli haikuwa yetu.

Tuliipeleka kwa bobineri mumoja wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mutu wa kubobina motere za kinu na pompe. Akafungua transfo, akaanza kuondoa waya ya shaba kwa mukono, anahesabu kila muzunguko na kuandika ku karatasi ya saruji kwa kalamu ya karpantie. Siku tatu. Akairudisha, ikapiga, lakini sauti ilikuwa imefunikwa, kama gitare iko chini ya blanketi. Tukarudi. Akakaa kimya, akaangalia ile mabaki ya waya ya zamani yenye alikuwa ametunza, akasema: hii haikuzungushwa moja kisha ingine, hii ilipangwa tabaka tabaka, kidogo ya ndani, kidogo ya inje, kidogo ya ndani tena. Hajawahi kuona ampli maisha yake yote lakini aliisoma ile shaba kama barua. Akabobina upya tabaka tabaka, na ile mwangaza ya juu ikarudi. Tunakaa mu inchi ya shaba, tunaiona inapita mu malori kila siku, mi siku ile njo nilijua shaba iko na sauti.

Kwa hiyo sheria yangu, na mu chumba yangu haina majadiliano: mbele ya kugusa kable yoyote ya nyuma, zima ampli. Haiko kupunguza volime, ni kuzima. Kutoka ampli inaingia ku atenuateri fasi ya ampli, kutoka atenuateri inaingia bafle, usigeuze. Kable zote mbili ziwe za oparleri, waya mbili nene sawa sawa, haiko kable ya gitare. Zinafanana inje, jaki ni moja, lakini ya gitare ndani yake waya ya katikati ni nyembamba kama uzi, itapata moto, itayeyuka, na ampli itabaki bila muzigo ama itapiga shoti.

Kisha omu, kipimo ya namna kintu inazuia umeme. Ampli ku 8, atenuateri ya 8, bafle ya 8. Sanduku zingine ziko za omu moja tu, hazibadilishi, soma mbele ya kulipa. Kama bafle haijaandikwa, chukua multimetre, pima ku jaki: ukisoma 6 ama 7, ni ya 8, ukisoma 12 ama 13, ni ya 16, ukisoma 3 na kidogo, ni ya 4. Bafle mbili za 16 zikiunganishwa pamoja ku njia mbili za ampli zinakuwa 8, mbili za 8 zinakuwa 4.

Kuko bandugu benye banataka kutengeneza wenyewe, na mi nabapenda juu hapa kwetu njo tunaishi vile. Lakini nimeshaona mutu amechukua rezistansi ya rechaud, jiko ya umeme. Rechaud ya wati 1000 ku volti 220, fanya hesabu: 220 mara 220, gawa kwa 1000, unapata omu 48. Ampli inatafuta 8, we unaipa 48, ni karibu sawa na kuiacha wazi. Apana, tafadhali. Kama unataka kuanza na kintu rahisi na salama, kama bafle yako ni ya omu 16, chukua rezistansi ya omu 16 ya nguvu, ile ya alimini ya dhahabu, ku ampli ya wati 50 uchukue ya wati 100 na uifunge vis ku kipande kikubwa cha alimini, uiunganishe paralele na bafle, yaani zote mbili ku waya mbili zile zile, uweke ampli ku omu 8. Nusu ya nguvu inaenda ku rezistansi, nusu ku bafle. Unashusha desibeli 3 tu, ni kidogo, lakini hata rezistansi ikikatika bafle ingali pale na ampli haibaki wazi. Kwa kushusha zaidi kuliko hapo nunua yenye imetengenezwa na benye banajua.

Na tofauti ya bei inatoka wapi? Oparleri haiko rezistansi. Ile 8 imeandikwa ni namba ya wastani tu. Ku noti ya chini, kama ku herzi 80 ama 100, inapanda mara nyingi ya hapo juu karatasi yake inataka kujitikisa yenyewe, na ku sauti za juu inapanda tena juu bobine yake inakataa. Ampli ya lampi inasikia hayo yote na kuyajibu. Sanduku ya bei ndogo ni rezistansi tupu, haimujibu ampli chochote, sauti inakuwa bapa. Sanduku nzuri ziko na bobine na kondensateri ndani, zinaiga ile kupanda na kushuka, zingine kama za kampuni Weber zimeweka motere ya oparleri ya kweli bila karatasi. Ukishusha desibeli 3, 6, hata ya bei ndogo inatosha. Ukishusha 15, 20, hapo utasikia umasikini wake.

Lakini musilaumu sanduku kwa kila kintu. Fletcher na Munson balionyesha toka mwaka 1933 kama sikio ya mutu, sauti ikishuka, inapoteza besi sana na sauti za juu kidogo. Na karatasi ya oparleri yenyewe ikipata nguvu kidogo haijikunji vile. Kwa hiyo ukishusha, ongeza besi kidogo na trebli kidogo, kisha usikilize tena mbele ya kusema imeua sauti. Na musifikiri malampi yanapumzika. Juu sauti iko chini mutu anasahau, anaacha volime ya ampli ku 8 usiku muzima, malampi yanakula sawa sawa kama uko stadi. Angalia lampi: kama sahani ya ndani inaanza kuwa nyekundu, zima.

Ndugu mumoja aliniuliza juu ya kutoa lampi 2 ku 4 za ampli ya wati 100. Inawezekana, utoe mbili za inje ama mbili za ndani, uweke omu ku nusu ya bafle, yaani bafle ya 8 ampli ku 4. Lakini umepata wati 50. Desibeli 3. Ule mutoto hajalala bado.

Na nyie benye munapiga sebene safi, gitare inang'aa kama maji, nitasema wazi: hamuhitaji hii sanduku. Sauti yenu iko ku volime 2, 3, fasi ya usafi. Tunzeni pesa, mununue stabilizateri na kable nzuri. Nasema vile vile hata kwa bakubwa ba makanisa: mupiga gitare wenu akipiga ampli ndogo ya wati 5 ama 15, na mikro mbele ya bafle, na sono ikabeba, waamini bote batasikia sawa, kuanzia benchi ya kwanza mpaka ile ya mwisho, na kwaya itajisikia. Atenuateri ni ya mutu mwenye tayari eko na ampli kubwa, anaipenda, na anatafuta ile fasi ya ku 5.

Ile ampli ya Katuba tuliirudisha kwa yaya na transfo ya yule bobineri ndani, na ingali inapiga. Ni hii hapa mbele yenu, alikubali niilete. Atenuateri iko pale juu ya kipande ya bloke, bafle ni ya omu 8, nimepima asubuhi. Mutapita babili babili, mutapiga kwanza bila sanduku sekunde 10, pamba mu masikio, ziko mu boksi kule, kisha na sanduku desibeli 10 bila pamba, na muniambie munasikia nini ku vidole. We mwenye gitare nyekundu, kuja. Ngoja, usiunganishe bado. Nazima kwanza.